Athens hadi Washington: Mstari Uliochorwa Majuzi

Mwanafunzi anayekwenda Marekani kusomea uhandisi, uuguzi au uhasibu mara nyingi hupata mshangao wake wa kwanza siku ya kuchagua masomo: huenda asiruhusiwe kuhitimu mpaka apite na darasa la historia. Vyuo vya huko vina utaratibu wa masomo ya jumla, ambayo kila mtu huyasoma bila kujali fani yake, na historia imo mara nyingi. Katika jimbo la Texas jambo hili halikuachiwa matakwa ya chuo. Sheria ya jimbo inataka anayepewa shahada ya kwanza katika chuo cha umma awe amesoma historia ya Marekani kwa kiwango cha masomo mawili ya muhula mzima. Kwa desturi historia hiyo hukatwa vipande viwili, kimoja kikianzia enzi za kabla ya makoloni hadi mwaka 1877, kingine kikianzia hapo hadi leo. Pembeni yake lipo somo kubwa zaidi, la ustaarabu wa Magharibi, ambalo huanzia Mesopotamia na Misri, likapita Ugiriki na Roma, Zama za Kati, Mwamko wa Ulaya na Mapinduzi ya Ufaransa, kisha likatua katika vita viwili vya dunia. Vijana wa Afrika Mashariki wamekalia madawati hayo tangu kabla ya uhuru. Ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, na mamia wakafuata.

Ninachokitetea hapa ni kwamba historia hii inafaa kusomwa, tena kwa bidii, hata na mtu aliyezaliwa Mwanza au Mombasa. Ila faida yake haimo katika simulizi linaloanza Athens na kufika Washington bila kukatika. Faida imo katika hati. Mataifa haya yameandika mno, na yametunza yaliyoyaandika: sheria, rasimu za sheria, hesabu za mashamba, barua za wafanyabiashara, mienendo ya mahakama. Mwanafunzi anayefundishwa kuyapima majigambo yao kwa karatasi zao wenyewe anatoka darasani na ujuzi. Anayekaririshwa simulizi anatoka na orodha ya wafalme na marais, ambayo ataisahau kabla ya joho la mahafali kurudishwa dukani.

Tuanze na simulizi lenyewe, kwa sababu wengi hudhani ni la kale kama nguzo za mahekalu ya Ugiriki. Kama somo la chuo, lina umri wa karne moja na kidogo. Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917, vijana wengi hawakuelewa kwa nini wavuke bahari kwenda kufia Ufaransa. Vyuo vikaandaa masomo ya kuwaeleza wanafunzi waliokuwa wakitayarishwa kwa jeshi chanzo na shabaha ya vita hivyo. Mwaka 1919, bunduki zilipokwisha kunyamaza, Chuo Kikuu cha Columbia cha New York kikaligeuza wazo hilo kuwa somo la lazima la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa jina la Ustaarabu wa Zama Hizi. Somo la wakati wa vita lilikuwa limeeleza kwa nini Marekani inapigana. Hili jipya likajaribu kueleza ni ulimwengu gani unaostahili kujengwa katika amani. Vyuo vingine vikaiga kwa namna zao: Stanford ilikuwa na somo lake la historia ya ustaarabu wa Magharibi kufikia mwaka 1935, na Chicago ikaanzisha lake mwaka 1948, wakati Vita Baridi vilipokuwa vikipamba moto na haja ya kujiona ukoo mmoja na Ulaya Magharibi ikiwa kubwa. Mwanahistoria Gilbert Allardyce, katika makala aliyoichapisha mwaka 1982, alionyesha jinsi somo hilo lilivyopanda baada ya vita vya kwanza na kuporomoka katika miaka ya 1960. Kwa hiyo anayelifundisha kana kwamba ni urithi ulioshushwa kutoka kwa Aristotle analifundisha vibaya. Ni zao la wakati wake, na lenyewe linastahili kuchunguzwa kama zao lolote la wakati.

Tena ukilifuata simulizi hilo kwa makini, njia yake haiendi moja kwa moja. Herodotus, anayeitwa baba wa historia, alizaliwa Halicarnassus, mji ambao leo uko Uturuki. Augustine, mwanafikra aliyeitawala dini ya Ulaya kwa karne nyingi, alizaliwa Thagaste, katika nchi ya sasa ya Algeria, na akafa akiwa askofu wa Hippo huko huko Afrika ya Kaskazini. Aristotle mwenyewe hakufika Paris kwa kutembea kutoka Athens. Sehemu kubwa ya kazi zake ilisomwa na kufafanuliwa kwa Kiarabu Baghdad na Córdoba, ikatafsiriwa kwa Kilatini katika miji kama Toledo kwenye karne ya 12, na wasomi wa Ulaya wakamtegemea mno mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki 1198, hata Thomas Aquinas akawa anamwita Mfafanuzi tu bila kumtaja jina. Kitabu cha tiba cha Ibn Sina kilifundishwa katika vyuo vya Ulaya hadi karne ya 17. Mambo haya si siri. Yamo katika vitabu vya wasomi wa Magharibi wenyewe. Yaliachwa nje ya simulizi kwa sababu simulizi lilikuwa na kazi nyingine ya kufanya, kazi ya kuwaunganisha watu waliokuwa wametoka vitani upande mmoja.

Ugomvi juu ya somo hili ulilipuka hadharani Stanford. Januari 1987 wanafunzi wapatao 500 waliandamana pamoja na mchungaji Jesse Jackson wakitaka somo la Utamaduni wa Magharibi liondolewe, na Machi 1988 baraza la wahadhiri likapiga kura 39 kwa 4 kulibadilisha kuwa somo la Tamaduni, Fikra na Maadili. Waziri wa elimu wa Marekani wakati huo, William Bennett, akalaani uamuzi huo kwa ukali. Magazeti yalijaa, lakini ukiyasoma leo unaona pande zote mbili zilibishania zaidi majina ya kwenye rafu: Plato atoke, mwanamke aingie, Mwafrika aongezwe. Mjadala huo ulikuwa na haki yake. Hata hivyo wachache waliuliza mwanafunzi anafanya nini na kitabu akishakifungua, na hapo ndipo penye kiini. Mtu anaweza kukariri kitabu cha Mwafrika kwa uvivu ule ule aliokariri nao cha Mgiriki.

Mfano ulio bora kuliko yote wa tofauti kati ya kukariri na kupima ni ule wa miaka 12 iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kipindi kinachoitwa Ujenzi Mpya, kuanzia 1865 hadi 1877. Katika miaka hiyo utumwa ulifutwa kwa marekebisho ya 13 ya Katiba, watu weusi wakapewa uraia kwa marekebisho ya 14 na wanaume wao haki ya kura kwa yale ya 15, na wapatao 2,000 wakashika vyeo vya umma, akiwemo Hiram Revels wa Mississippi, aliyeingia Seneti mwaka 1870. Kisha majeshi ya shirikisho yaliyokuwa yakizilinda serikali za majimbo ya Kusini yakaondolewa kazini humo, na mlango ukafungwa kwa miongo mingi. Hayo hakuna aliyeyabishia. Ubishi ulikuwa juu ya maana yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, profesa William Dunning wa Columbia, chuo kile kile, alilea kundi la wanafunzi walioandika historia za Ujenzi Mpya jimbo kwa jimbo. Walikubaliana kwa jumla kwamba kipindi hicho kilikuwa balaa: watu waliotoka utumwani jana hawakufaa kutawala, wakapotoshwa na wajanja kutoka Kaskazini, na wazungu wa Kusini walipotwaa tena madaraka waliokoa nchi yao. Simulizi hilo lilifundishwa vyuoni na shuleni kote, na likaingia hadi kwenye sinema.

Hapa msomaji makini atanikatiza. Kama hati ndizo mwokozi, atasema, mbona Dunning na wenzake walizichimba kweli kweli? Ni kweli walizichimba, na hiyo ndiyo sababu mfano huu una thamani. Walisoma barua za wenye mashamba, magazeti ya wazungu wa Kusini na kumbukumbu za serikali, lakini ushahidi wa watu weusi waliufanya si kitu. W.E.B. Du Bois, mtu mweusi wa kwanza kupata udaktari wa Harvard, alisimama mbele ya chama cha wanahistoria wa Marekani Desemba 1909 na kueleza faida zilizotokana na serikali za Ujenzi Mpya, hasa shule za umma ambazo Kusini haikuwa nazo za maana kabla ya hapo. Mwaka 1935 akatoa kitabu kizima, Black Reconstruction, na mwishoni mwake akawapanga waandishi waliomtangulia kwa makundi kulingana na mtazamo wao juu ya watu weusi. Jarida kuu la wanahistoria wa Marekani halikukifanyia uhakiki kitabu hicho. Kutochapisha neno lolote ilikuwa njia ya kusema kwamba hakipo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1939, kijana mwingine wa Harvard, John Hope Franklin, alikwenda Raleigh kwenye nyaraka za jimbo la North Carolina kutafiti maisha ya watu weusi waliokuwa huru kabla ya vita. Jengo halikuwa limewahi kumfikiria mtafiti mweusi. Mkurugenzi akaomba siku chache, akamtengea chumba chake peke yake ili asikae na wazungu, na kwa kuwa haikufaa wahudumu wazungu wamtumikie mtu mweusi, akampa ufunguo wa stoo ya hati ajihudumie mwenyewe. Franklin akawa anaingia na kitoroli chake kati ya rafu, anachukua anachotaka. Mpango ulidumu kiasi cha wiki mbili. Watafiti wazungu wakalalamika kuwa wanabaguliwa: nao wanataka funguo. Uongozi ukaona heri wahudumu wamhudumie Franklin kuliko kugawa funguo kwa kila mtu. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe baadaye, na sijui kingine kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba swali la nani anaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha hati ni sehemu ya historia yenyewe. Franklin aliendelea kuandika, wengine wakaja, Kenneth Stampp akatoa kitabu chake mwaka 1965, na Eric Foner, profesa wa Columbia, akachapisha mwaka 1988 kitabu kikubwa kilichoyaunganisha yote. Leo ni vigumu kumpata mwanahistoria wa maana anayemfuata Dunning. Tafsiri ya kale iliangushwa na ushahidi mpana zaidi, pamoja na mabadiliko ya nani anaruhusiwa kuuliza swali. Na ilichukua zaidi ya nusu karne.

Darasa zuri la historia ya Marekani humfanya mwanafunzi aipitie njia hiyo kwa udogo. Mpe rasimu ya Azimio la Uhuru aliyoiandika Thomas Jefferson Juni 1776, umwekee kando lile lililopitishwa Julai 4. Atagundua kuna aya nzima imepotea. Katika rasimu, Jefferson alimshutumu mfalme wa Uingereza kwa biashara ya watumwa na kuiita ukatili dhidi ya ubinadamu, Kongresi ikaifuta. Jefferson mwenyewe alikuja kueleza uzeeni kwamba ilifutwa kwa kuwaridhisha wajumbe wa South Carolina na Georgia, na kwamba hata wa Kaskazini walijisikia vibaya kidogo, kwa kuwa watu wao walikuwa wachukuzi wa shehena hiyo. Mwandishi wa aya hiyo, katika maisha yake yote, alimiliki watu zaidi ya 600. Sasa mwanafunzi ana jambo la kufikiri. Je, Jefferson alikuwa mnafiki, au mtu aliyeijua haki akashindwa kuilipia gharama? Kwa nini ampachike mfalme dhambi ambayo makoloni yalishiriki kwa hiari? Kisha mpe Katiba ya 1787, ambayo inahesabu watumwa kwa tatu ya tano katika kugawa viti vya bunge, inazuia kongresi kupiga marufuku uingizaji wao kabla ya 1808, na inaamuru wanaotoroka warudishwe, bila kuwataja kwa jina lao hata mara moja. Mwanafunzi aliyekaa na karatasi hizo jioni moja ameielewa Marekani zaidi ya yule aliyesikiliza mihadhara 20 ya sifa, au 20 ya laana.

Na ujuzi huo hauishii Marekani. Katika makundi ya WhatsApp ya Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko huzunguka maneno anayopachikwa mwanasiasa Lord Macaulay wa Uingereza, eti aliliambia bunge la London Februari 2, 1835, kwamba ametembea Afrika yote bila kuona mwombaji wala mwizi, hivyo njia ya kuwashinda Waafrika ni kuwaharibia elimu na utamaduni wao. Toleo jingine lina maneno yale yale, ila mahali pa Afrika pameandikwa India. Hilo peke yake lingetosha kumshtua msomaji. Lakini mtu aliyezoea hati atauliza swali la kwanza kabisa: siku hiyo Macaulay alikuwa wapi? Alikuwa India, si London. Alifika huko 1834 na hakuondoka mpaka 1838. Waraka wa tarehe hiyo upo, ni pendekezo lake kuhusu elimu ya Wahindi, na ndani yake anadai kuwa rafu moja tu ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani ya maandishi yote ya India na Uarabuni. Dharau ya kweli ilikuwa imeshaandikwa. Hakukuwa na haja ya kuitungia nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa barua ya Willie Lynch, inayodaiwa kuwa ya mwaka 1712 na kutoa mafunzo ya kuwagawa watumwa. Imejaa maneno ambayo Kiingereza cha 1712 hakikuwa nayo, na wanahistoria wanaitambua kuwa ya kughushi. Wakati huo huo sheria halisi ya Virginia ya mwaka 1662, iliyoamua kwamba mtoto afuate hali ya mama yake, na hivyo kumfanya mtoto wa bwana na mjakazi azaliwe mtumwa, ipo na inasomeka, na hakuna anayeisambaza. Tunaopinga ukoloni tunajidhuru tunapojenga hoja juu ya karatasi bandia, kwa sababu siku bandia inapofichuliwa, adui huitupa na ya kweli pamoja nayo.

Kuna pingamizi zito zaidi, ambalo mtu wa Afrika Mashariki ana haki ya kulitoa. Tumesomeshwa historia ya wengine kwa miongo mingi, atasema; babu zetu walikaririshwa wafalme wa Uingereza huku wakiambiwa kuwa wao hawana historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijijengea jina katika miaka ya 1960 kwa kuigeuza meza hiyo, kikawapeleka wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Kwa nini turudi kwa Jefferson? Pingamizi hili nalikubali nusu. Historia ya Afrika lazima itangulie katika vyuo vya Afrika, na anayeisoma ya Marekani huku haijui ya kwao amepanda mti kwa matawi. Lakini tuwatazame waliomkosoa Mzungu kwa nguvu kuliko wote. Eric Williams aliandika tasnifu yake Oxford, akaifanya kitabu cha mwaka 1944 juu ya ubepari na utumwa. C.L.R. James alipoandika mwaka 1938 juu ya mapinduzi ya Haiti, alikuwa amezama kwanza katika nyaraka za Ufaransa. Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam na ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa humo humo, alikuwa ametafiti pwani ya Guinea kwa kutumia nyaraka za Wareno. Kitabu chake kinaizungumzia Ulaya karibu sawa na kinavyoizungumzia Afrika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewapiga mabwana kwa kukataa kuwasoma.

Tena historia ya Marekani haikukaa Marekani. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem huko Massachusetts, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar. Meli za Salem zilileta merikani, kitambaa cha pamba kilichovaliwa na kutumika kama fedha hadi ndani ya bara, zikarudi na sandarusi ya kutengenezea vanishi, ngozi na pembe za ndovu. Pembe zikaishia katika miji midogo ya Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako zilichongwa kuwa vibonye vya piano za sebuleni. Sasa mwanafunzi wa somo la Marekani kabla ya 1877 aiulize pamba ile ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mashamba ya Kusini, ikachumwa na watumwa, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, kwenye jimbo lililojivunia kutokuwa na utumwa. Ikatandazwa Zanzibar, ikawalipa wapagazi waliobeba pembe kutoka bara, baadhi yao wakiwa watumwa nao. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka 1861, kitambaa hicho kikaadimika sokoni, na kile cha Uingereza na India kikajaza nafasi. Wanahistoria Abdul Sheriff na Jeremy Prestholdt wameandika juu ya biashara hii, na Prestholdt anaonyesha kwamba uchaguzi wa wanunuzi wa Afrika Mashariki, waliojua uzito na upana wa nguo waitakayo, uliathiri kilichofumwa Massachusetts. Barua na hesabu za wafanyabiashara wa Salem zimetunzwa Massachusetts. Mtafiti wa Kizanzibari anayetaka kuijua Forodhani ya miaka ya 1840 hawezi kuzikwepa, na kuzisoma vizuri kunahitaji kuijua Marekani ya wakati huo: vyama vyake, ushuru wake, ugomvi wake juu ya utumwa.

Wapo wanaohofia kinyume chake, kwamba darasa la hati tupu litamwacha mwanafunzi bila uti wa mgongo, akijua kila kitu kuhusu barua moja bila kujua kipi kilitangulia kati ya Mapinduzi ya Ufaransa na kuanguka kwa Roma. Wana haki. Muhtasari unahitajika, tarehe zinahitajika, na mwalimu anayezidharau anawaonea wanafunzi waliotoka shule zisizo na maktaba. Sharti langu ni dogo: muhtasari ufundishwe kama dai lililotolewa na mtu fulani, mahali fulani, ambalo darasa lina ruhusa ya kulihoji.

Huko Marekani hofu ni ya namna nyingine, ya wanasiasa wanaosema kuwa kuyafukua haya kunaua uzalendo. Gazeti la New York Times lilipotoa Agosti 2019 mradi wa kuisimulia upya nchi kuanzia mwaka 1619, Waafrika wa kwanza walipoletwa Virginia, serikali ya Trump ilijibu kwa kuunda tume iliyopewa jina la mwaka 1776. Kilichofanyika kati ya wanahistoria kilikuwa na heshima zaidi. Watano kati yao, wakiwemo Gordon Wood na James McPherson, walilipinga dai la mradi huo kwamba kuulinda utumwa kulikuwa mojawapo ya sababu kuu za wakoloni kudai uhuru, na Machi 2020 gazeti likarekebisha sentensi hiyo, likisema ilikuwa sababu kwa baadhi ya wakoloni. Waliopinga hawakuwa wakiutetea utumwa. McPherson alitumia maisha yake kuandika juu ya vita vilivyoufuta. Maneno mawili yaliongezwa kwa sababu ushahidi uliishia hapo. Mzalendo asiyeweza kuvumilia marekebisho ya kiasi hicho ana shida isiyohusu historia.

Kuhusu ajira nitasema machache, maana hapa ndipo vyuo hudanganya sana. Somo la historia halimhakikishii mtu kazi, na anayelitangaza hivyo anauza. Wanaolisoma kama nyongeza ya fani nyingine, ambao ndio wengi, watalipwa na fani zao. Wanachopata hapa ni mazoea ya kuuliza hati hii imeandikwa lini, na nani, kwa ajili ya nani, na ni kipi kilifutwa kabla haijafika mezani. Mhasibu akiwa nayo ni mhasibu mzuri zaidi. Mpiga kura vivyo hivyo.

Basi ewe unayejaza fomu ya masomo mwaka huu, kabla ya kuchagua darasa la historia ya Magharibi au ya Marekani, omba kwanza muhtasari wa somo na uangalie jambo moja. Kama umejaa kurasa za kitabu kimoja cha kiada na mitihani ya kuchagua jibu, tafuta mwalimu mwingine. Kama unataja sheria, barua, hotuba na rasimu za kusomwa kila wiki, na unamweka Dunning karibu na Du Bois ili ubishane nao, jiandikishe. Na usipopata nafasi ya chuo, hati zenyewe zinakungoja: nyaraka za waasisi wa Marekani ziko kwenye tovuti ya Founders Online ya Hifadhi ya Nyaraka ya taifa hilo, mikataba na sheria nyingi za kale ziko kwenye mradi wa Avalon wa Chuo Kikuu cha Yale, na zote zinasomwa bure.